Pwani ya Kujichagulia

Susan alimwita ofisini kabla ya chakula cha mchana, akafunga mlango. Ernestine akajua kuna jambo, kwa sababu mlango ule haukuwa ukifungwa ila mtu anapoachishwa kazi au anapopewa habari ya msiba. Msiba alikuwa ameshaupata, Novemba. Akakaa, glovu zake zikiwa mfukoni, akasubiri hilo lingine.

"Mama, una siku kumi na moja za likizo," Susan akasema. Alikuwa Mkenya wa Nyamira, msimamizi wa zamu ya asubuhi katika kile kituo cha kulelea wazee cha Golden Valley, na maneno yake yalikwenda mbio kama miguu yake. "Usipozichukua kabla ya Septemba, kompyuta inazifuta. Hazilipwi, hazisongezwi mbele. Zinapotea tu."

"Nizichukue za nini?"

"Za kupumzika."

Ernestine alimtazama kama mtu aliyeulizwa swali kwa lugha asiyoijua vizuri. Kwa miaka minne siku zake za likizo zilikuwa na wenyewe. Thaddée, mumewe, alipigwa na kiharusi Februari moja ya theluji nyingi, upande wa kulia ukafa wote, na tangu hapo kila siku ya ruhusa ilikatwa vipande: nusu siku ya daktari, nusu siku ya kusubiri watu wa kuleta kitanda cha hospitali, siku nzima ya kupanga foleni ya dawa. Alitoka kazini, ambako alikuwa ameinua, amegeuza na kuosha wazee wa watu, akaendesha gari hadi Brooklyn Park, akainua, akageuza na kuosha wa kwake. Mgongo wake haukujua tofauti ya mshahara na ndoa. Sasa Thaddée alikuwa amezikwa, na siku zilikuwa zimeanza kujilimbikiza bila mtu wa kuzila.

"Nenda mahali," Susan akasema. "Mahali pa joto, ukae tu. Umechoka, Mama. Hata wale wazee wameanza kukuuliza kama umelala."

Aliyemfungulia dunia alikuwa Blandina, mwenzake wa zamu, Mtanzania wa Tanga aliyekuwa akila chakula chake ndani ya gari ili apate dakika thelathini za kutoitwa. Siku hiyo alimfungulia Ernestine mlango wa abiria, akasogeza kiti cha mtoto wake, Sebastian, nyuma, akachomoa simu.

"Pwani," Blandina akasema. "Aliyechoka haendi mjini, dada yangu. Anakwenda pwani. Unakaa, unatazama maji, maji yanafanya kazi yote."

"Mimi sijui kuogelea."

"Nani kakwambia uogelee?"

Kwa wiki mbili wakala chakula hivyo, simu katikati yao juu ya breki ya mkono. Blandina aliifanya kazi ile kwa makini kama anamtafutia binti yake mume. Pwani nyingi zilitajwa, nyingi zikaanguka, zikabaki tatu. Cancún, Meksiko, ambako ndege inakwenda moja kwa moja na hoteli inakupa kila kitu, chakula, kinywaji, kiti. Puerto Rico, kisiwa cha Marekani hiyohiyo. Na Diani, kusini mwa Mombasa, ambayo Blandina aliitaja mwisho na kwa sauti ya chini, kwa kuwa ilikuwa jirani na kwao na yeye mwenyewe hakuwa amerudi huko kwa miaka sita.

Ernestine alisikiliza huku akitafuna wali wake baridi. Kilichomshangaza hakikuwa picha za maji. Ni kule kuulizwa, "Wewe unataka wapi?" Alikuwa na umri wa miaka hamsini na mbili na hakuwa amechagua mahali hata pamoja. Kutoka Fizi, kwao Kongo, walitolewa na bunduki. Nyarugusu, ile kambi ya wakimbizi ya Kigoma, walipelekwa na lori, wakakaa miaka kumi na tatu. Hata Minnesota waliletewa imeandikwa kwenye karatasi, na Thaddée alikuwa ameigeuza ile karatasi mara mbili, kisha akamwuliza yule afisa kama huko ni Kanada. Pasipoti ya bluu aliyoapishiwa mwaka juzi ilikuwa bado kwenye droo, kavu, haina muhuri hata mmoja.

"Mombasa," akasema siku moja, na yeye mwenyewe akashtuka kusikia sauti yake. "Huko nitaomba maji kwa Kiswahili. Nitapatana bei ya samaki. Sitaki kukaa nikitafuta maneno ya Kiingereza hata nikiwa nimelala."

"Mombasa," Blandina akasema, akatabasamu, akaiandika kwenye bahasha ya bili.

Kosa lake lilikuwa kumwambia Rachelle. Lakini angefichaje? Rachelle alikuwa binti yake wa pekee, miaka ishirini na tatu, mwanafunzi wa uuguzi, na waliishi wawili tu katika ile fleti ambayo kitanda cha hospitali kilikuwa kimeacha alama nne kwenye zulia. Ernestine alimwambia Alhamisi, wakikunja nguo. Rachelle, aliyekuwa akisikia Kiswahili chote na kujibu kwa Kiingereza, alisema ni jambo zuri sana, kisha akauliza nani anakwenda naye.

"Hakuna mtu. Mimi."

"Peke yako? Maman, utafanya nini peke yako?"

"Nitakaa."

Rachelle alicheka kidogo, akamkumbatia. Ijumaa akamwambia binamu yake Kirezi kwenye mazoezi ya kwaya. Jumamosi saa nne asubuhi, Sosthène akabisha hodi.

Sosthène alikuwa kaka mkubwa wa Thaddée, mzee wa kanisa, dereva wa lori la kubebea mikate. Watu wa kwao walimwita Papa Ntwali, kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomfanya awe mzito kukataliwa. Kwa miaka minne alikuja kila Jumapili kumbeba mdogo wake kutoka kitandani hadi kwenye gari, kutoka kwenye gari hadi kanisani, na kumrudisha, na hakuna siku aliyochelewa. Aliingia na mkewe, na mkewe alikuwa akikokota valizi, sanduku kubwa tupu la safari.

"Mama Rachelle, nimesikia Mungu amekufungulia njia," alisema alipokwisha kupewa chai.

"Njia gani, Papa Ntwali?"

"Ya kwenda kumwona mama."

Ernestine akaweka chini birika.

Sosthène alikuwa ameshapanga kila kitu. Toka Mombasa hadi Dar ni ndege fupi. Toka Dar hadi Kigoma ni nyingine. Kigoma kuna mchungaji anayemjua, atashughulikia kibali cha kuingia kambini na gari. Mama yao alikuwa bado Nyarugusu, ana miaka zaidi ya themanini, na tangu Thaddée azikwe hakuwa ameshika mkono wa mtu yeyote aliyekuwa kwenye mazishi. Watu walikuwa wameanza kusema. Valizi ilikuwa ya nguo za watoto wa shangazi, za mjane wa Byamungu, jirani yao kambini, na dawa za presha. Nyingine mbili zingeletwa baada ya ibada.

"Na pwani?" Ernestine akauliza.

"Pwani unapita. Si utalala Mombasa siku moja?" Akazungusha kikombe. Kisha akasema polepole, kama mtu anayekanyaga barafu asiyoiamini: "Bon, tuongee ukweli. Kilio hakijatimiza mwaka. Mjane kukaa mchangani na miwani ya jua, watu watapiga picha, na picha zinafika kambini kabla ya wewe kurudi. Mimi sikukatazi. Ninakuambia tu vile itaonekana."

Ernestine aliitazama valizi. Alikuwa amechoka ghafla, uchovu ule wa saa ya mwisho ya zamu mbili, miguu ikiwa imejaa maji. Alihesabu kichwani. Siku mbili za kwenda, moja Dar, moja Kigoma, kambini watu watakuja kumlilia, atapika, atalia na kila aliyekuja upya, atasikiliza shida za kila nyumba, kisha siku mbili za kurudi. Angerudi Golden Valley akiwa amebeba watu wengi kuliko aliowaacha. Wakati huohuo alijua kwamba Sosthène hakusema uongo. Mama mkwe alikuwa na haki ya mkono wake.

"Wacha valizi," akasema. "Nitakujibu."

Jumatatu alimwambia Blandina afute Mombasa.

"Basi Cancún," Blandina akasema, bila kuuliza sababu. Uso wa Ernestine ulitosha. Akafungua picha. Halafu akaanza kusoma maoni ya watu waliotoka huko mwezi ule, na mdomo ukampinda. "Wanasema mwani umejaa. Ufuo wote ni mwani, unanuka. Kwetu mwani tunaukausha tunauuza, hawa wanaukimbia." Akaendelea. "Na muziki kwenye bwawa toka asubuhi. Kuna mtu kazi yake ni kuwainua watu kwenye viti wakacheze."

"Kuwainua?"

"Ndivyo ilivyoandikwa."

"Hapana," Ernestine akasema.

Ikabaki Puerto Rico, na Ernestine hakuwa tayari kuisema. Valizi ya Sosthène ilikuwa sebuleni, imesimama palepale kilipokuwa kitanda, na kila alipopita aliizunguka. Jumatano, wakati wa mapumziko ya asubuhi, alishuka hadi kwenye maegesho, akaingia ndani ya gari lake, akapiga simu Nyarugusu. Kule ilikuwa inakaribia jioni. Mjukuu alipokea, akakimbia na simu, na Ernestine akasikia kuku, redio, mtu akipasua kuni, kisha pumzi ya bibi kizee karibu sana na sikio.

"Ni Ernestine, Mama."

"Ernestine wa Thaddée."

"Ndiyo, Mama."

Wakaulizana hali, ya huyu na ya yule, mpaka majina yakaisha. Kisha mama mkwe akasema, "Sosthène ameniambia unakuja."

Ernestine alikuwa amejiandalia maneno. Alikuwa ameyapanga tangu Jumamosi, akiosha migongo ya watu: kwamba kibali ni kigumu, kwamba kazi haimruhusu. Akafungua mdomo na yote yakamponyoka.

"Nitakuja, Mama. Lakini siyo mwezi huu."

Kuku akalia.

"Unaumwa?"

"Hapana. Nimechoka."

"Umechoka na nini?"

Angemwambiaje mama wa mtu kwamba amechoka na mwanawe? Kwamba alimpenda na alimwosha, akamlisha kwa kijiko miaka minne, akamkasirikia kimoyomoyo, na alipokufa, kitu cha kwanza alichokifanya, kabla ya kulia, ni kukaa chini? Alishika usukani kwa mkono wa kushoto. Mbele yake, mwenye bustani alikuwa akikata majani kwa mashine.

"Alikuwa mzito," mama mkwe akasema.

"Mama?"

"Thaddée. Toka mtoto. Nilipombeba mgongoni kwenda shamba nilikuwa ninamteremsha mara tatu njiani. Dada zake sikuwateremsha. Yeye tu." Akakohoa. Kikohozi kilichukua muda kuisha. "Mimi nataka uje. Sitakudanganya, nataka uje nikushike. Na miaka yangu unaijua."

"Ninaijua."

"Basi usikawie." Akasema jambo kwa mjukuu, kisha akarudi. "Na Sosthène umwambie mwenyewe. Mimi sitamwambia."

Simu ikakatika, au chaji ikaisha upande wa pili. Ernestine alikaa dakika nane zilizobaki za mapumziko yake bila kufanya kitu. Halafu akapanda juu, kwa kuwa mzee wa chumba cha kumi na mbili alikuwa wa kuogeshwa.

Mchana, ndani ya gari la Blandina, akauliza, "Puerto Rico wanasema lugha gani?"

"Kihispania. Kiingereza kidogo."

"Kuna Wakongo?"

Blandina akafikiri. "Sijawahi kusikia hata mmoja."

"Kata tiketi hiyo."

"Ni msimu wa vimbunga, dada. Ndiyo maana ni rahisi. Mvua inaweza kukukuta."

"Inikute."

Blandina akakata tiketi palepale, siku saba, chumba kimoja katika nyumba ya wageni ya mji mdogo uitwao Luquillo, hatua chache kutoka ufukweni. Sehemu ya kuandika idadi ya wasafiri ilikuwa imejazwa mbili yenyewe, na ilibidi Ernestine aguse alama ya kutoa ili ibaki moja.

Kumwambia Sosthène ilikuwa Jumapili, nje ya kanisa, watu wakipakia sufuria kwenye magari. Alimvuta pembeni. Alisema kwa kifupi, kwa kuwa kirefu kingemshinda.

"Papa Ntwali, sitakwenda Kigoma sasa. Nimeongea na mama. Nitakwenda Desemba, na siku hizo nitamwomba Susan kesho. Agosti ninakwenda kupumzika mahali peke yangu."

"Mahali gani?"

"Puerto Rico."

Sosthène alilitafuta lile jina kichwani, hakulipata. Alivua miwani, akaifuta kwa tai. Alionekana mzee kuliko Jumapili iliyopita, na kwa mara ya kwanza Ernestine akaona bega lake la kulia, lile la kumbebea Thaddée, lilivyolala chini ya lingine.

"Watu wataniuliza," akasema.

"Waambie mimi ndiye niliyekataa."

"Hapana, hiyo sitasema." Akavaa miwani. "Nitasema umetumwa na kazi."

Ernestine angeweza kumwacha na uongo huo. Ulikuwa rahisi, na yeye alikuwa amechoka. "Usiseme hivyo," akamwambia. "Sema nimechoka. Mama amesikia hivyo hivyo."

Sosthène hakuafiki wala hakukataa. Alikwenda kumsaidia mkewe na sufuria, na wiki zote zilizofuata alikuwa akimsalimia Ernestine kwa heshima na kwa kifupi. Jambo hilo lilimwuma, na hakulirekebisha.

Luquillo alifika na mvua. Ilinyesha siku ya kwanza, ya pili na ya tatu, mvua nzito ya joto iliyopiga mabati ya baraza hadi mtu hasikii mawazo yake. Ernestine alilala. Aliamka, akala alichoachiwa na mama mwenye nyumba, wali na maharage, ndizi mbichi zilizopondwa na kukaangwa, mihogo ya kuchemsha, vyakula ambavyo mdomo wake ulivijua kuliko yeye, akalala tena. Siku ya pili jioni alilia, si kwa muda mrefu. Hakuwa na furaha. Kiyoyozi kilivuma kama basi bovu, godoro lilikuwa laini mno, na mara mbili alijiuliza amekuja kufanya nini. Rachelle alipopiga kuuliza bahari ikoje, alisema ukweli kwamba hajaiona.

Siku ya nne jua likatoka. Akavaa gauni la kitenge, akabeba kiti alichoazimwa, akakiweka kivulini. Maji yalikuwa kimya, rangi ya kijani iliyopauka. Watu walipita, na kwa kuwa wengi wao walifanana naye, walimsemesha kwa Kihispania bila kusita. Yeye alitikisa kichwa, wao wakaridhika wakaenda zao. Hakuna aliyemwita Maman wala Mama Rachelle. Mchana mzima hakuna aliyemwita chochote.

Ilikuwa inakaribia saa tisa alipomwona yule mzee. Alikuwa mnene, na alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi karibu na maji, na sasa alitaka kusimama na hakuweza. Mkewe, mdogo wa umbo, alimshika mkono na kuvuta. Alivuta vibaya. Ernestine aliona kosa mara moja: mguu wa kushoto ulikuwa mbele mno, mkono ulipaswa kupita chini ya kwapa, goti la mama lilipaswa kuzuia goti la baba. Mikono yake yote miwili ilikuwa imeshashika mbavu za kiti chake. Misuli ya mgongo ilikuwa imeshakaza, kama ng'ombe anayejua saa ya kukamuliwa.

Hakuinuka. Alimtazama yule mama akivuta mara ya pili, mara ya tatu, na moyo ukamdunda kwa aibu hadi masikioni. Vijana wawili waliokuwa wakicheza mpira wakaona, wakaja mbio, mmoja huku, mwingine kule. Walimwinua ovyo kabisa, kama gunia, na mzee akasimama, akacheka, akawapiga mabegani. Wakaondoka wote wanne wakiongea.

Aibu ilibaki kwa muda. Ernestine alikaa nayo. Kisha ikapungua, kama joto linavyopungua kwenye chuma, na chini yake hakukuwa na kitu kibaya. Alivua viatu. Akakunja gauni, akaingia majini hadi magotini, akasimama humo hadi ngozi ya vidole vyake vya miguu ilipojikunja, akarudi kwenye kiti.

Aliyemngojea uwanja wa ndege wa Minneapolis siku ya kurudi hakuwa Rachelle. Alikuwa Sosthène, amevaa shati la kazini, akinukia mikate.

"Binti yako ana mtihani," akasema, akachukua mfuko wake. Walikwenda hadi kwenye gari. Walipoingia barabara kubwa ya kaskazini, magari yamejaa kama kila Jumatano jioni, akauliza, "Umepumzika?"

Ernestine alifikiri. Keshokutwa alikuwa na zamu. Mgongo ulikuwa bado unauma, palepale, lakini ulikuwa unauma kama kitu chake mwenyewe.

"Kidogo," akasema.

Sosthène akaitikia kwa kichwa, akahamia safu nyingine ya magari. "Desemba mimi nimeomba pia. Ruhusa. Wamenipa wiki mbili." Alitazama kioo cha pembeni ingawa alikuwa ameshahama. "Zile valizi nitabeba mimi."

"Zote tatu?"

"Zimekuwa nne."

Ernestine akaegemeza kichwa kwenye kioo. Alikuwa na la kusema kuhusu hiyo ya nne, lakini lingeweza kungoja hadi nyumbani, na safari ilikuwa bado ya nusu saa, kwa hiyo akafumba macho.